Cheni Iliyochomoka Kila Penye Mwinuko

Miezi yangu ya mwanzo ya kuendesha baiskeli milimani, cheni yangu ilikuwa na maradhi. Haikuchomoka kwenye tambarare. Haikuchomoka hata kwenye mteremko wa mawe, ambako baiskeli hurushwarushwa na cheni huchomoka kweli. Yangu ilichomoka penye mwinuko tu, pale kijia kinapoingia kwenye miti na kuanza kupanda kwa ukali, na hasa nikisikia mtu anakuja nyuma yangu. Hapo nilishuka haraka, nikachuchumaa kando ya njia, nikaishika cheni kwa vidole viwili na kukunja uso kama fundi aliyeletewa mashine asiyoijua.

"Pole, vipi, cheni?" mtu huuliza akipita.

"Cheni bwana."

Akishatokomea kwenye kona nasimama, najifuta grisi kwenye suruali, nakokota baiskeli hadi juu.

Cheni ilikuwa nzima. Kilichochomoka ni mapafu.

Nilianza mchezo huu nikiwa mtu mzima, kitambi kimeshazoea kunitangulia mlangoni. Rafiki yangu alikuwa anahama na hakutaka kuhama na baiskeli yake ya zamani: magurudumu ya inchi 26, sahani tatu za meno mbele, breki za mpira zinazobana ringi, na shokapu za mbele zilizolia kama kitanda kibovu kila nilipokanyaga jiwe. Alinikabidhi kwa onyo moja tu: "Hii si ya lami. Ukiipeleka lami itakuchosha bure." Alisema kweli. Zile tairi za meno makubwa zilinguruma kwenye lami kama nyuki waliochokozwa. Nilipoziingiza kwenye udongo zikanyamaza, nami nikanyamaza nazo.

Siku ya kwanza nilipanda kwa kukokota na kushuka kwa kubana breki. Ukipiga hesabu, sikuiendesha baiskeli siku ile, niliisindikiza tu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na miaka yote nilidhani wanawasema watu wenye uchu wa vyeo. Kumbe walikuwa wananisubiri mimi pale juu. Nilizibana breki zote mbili kuanzia kileleni, mikono imekakamaa, makalio yamegandamana na kiti. Katikati ya mteremko vidole vikafa ganzi, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasimama na kugusa ringi kwa kidole kuhakikisha. Usiguse ringi.

Nilirudi nyumbani na lengelenge kwenye ncha ya kidole, na hamu ya kurudi tena kesho yake. Hizo mbili zilivyokaa pamoja ndani ya mtu mmoja, mpaka leo sijui.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa harufu ile, au ndugu yake, ndiyo iliyoupa jina mteremko mmoja mkongwe wa mchezo huu. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, kaskazini mwa San Francisco huko Marekani, walikuwa wakifufua baiskeli nzito za kampuni ya Schwinn zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, na kuteremka nazo kwenye njia za vumbi karibu na mlima Tamalpais. Breki ya nyingi kati ya hizo ilikuwa ile ya kukanyagia pedeli kinyumenyume, imefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Kulikuwa na mteremko mmoja wa kilomita tatu na ushee, unaoshuka karibu mita 400. Ukifika chini, grisi ya ndani ya habu imeungua na kutoka moshi, na huna budi kuifungua na kushindilia grisi mpya kabla ya kurudi juu. Ndiyo maana mteremko wenyewe ukaitwa Repack, yaani shindilia upya. Mashindano ya kwanza pale yalifanyika Oktoba 21, 1976, na Alan Bonds alishinda kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuanguka. Charlie Kelly ndiye aliyekuwa akiyaandaa. Rekodi ya njia ile ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22, na Joe Breeze, mshindani mwenzake, mwaka 1977 alitengeneza fremu iliyobuniwa kwa ajili ya mlima tangu bomba la kwanza, si baiskeli ya zamani iliyobadilishiwa kazi. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta, Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia wakaondoka na dhahabu. Kutoka grisi inayofuka moshi hadi medali, miaka 20.

Lakini katika habari zote hizo, mimi nilishikilia kitu kimoja kidogo. Baiskeli nyingi za mwanzo pale Repack zilikuwa na gia moja na uzito wa zaidi ya kilo 20. Kwa kawaida hawakuzipanda hadi juu kwa kupiga pedeli. Walizipakia kwenye pikapu, na pikapu ikikosekana walizikokota. Waasisi wenyewe! Ningelijua hilo mapema, cheni yangu ingepona bila dawa.

Aliyeiponya ni mwanamke mmoja wa makamo ambaye nilikuwa nikikutana naye njiani. Alinizidi umri kwa kama miaka 15, alinizidi mwendo kwa mbali zaidi, na alikuwa ameshaniona na cheni yangu mara tatu. Mara ya nne hakupita. Alisimama, mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine bado uko kwenye pedeli.

"Mdogo wangu, hiyo cheni huwa inachomoka kila penye mwinuko?"

"Ndiyo, dada. Inasumbua sana."

"Na mteremkoni?"

Nikanyamaza.

"Basi ina akili kuliko zetu," akasema. Kisha akashuka kwenye baiskeli yake na kuanza kuikokota sambamba nami, ingawa mimi nilijua, na yeye alijua kuwa najua, kwamba kipande kile alikuwa anakipanda bila hata kufungua mdomo.

Tulipofika juu alibonyeza tairi yangu ya mbele kwa kidole gumba, akacheka. Nilikuwa nikiijaza upepo mpaka pauni 50 kwa inchi ya mraba, nikiamini tairi ngumu ndiyo nyepesi. Akaufungua ule upepo, psss, akabonyeza, psss, akabonyeza tena, mpaka pampu yake yenye saa ikasoma 30. Niliposhuka nilidhani mtu kanibadilishia njia. Tairi ngumu hudunda juu ya jiwe na kukupeleka inakotaka yenyewe. Tairi laini hujilaza juu ya lile jiwe, huling'ang'ania, kisha huliachia taratibu. Ila ukizidisha ulaini nao una adhabu yake: ukigonga jiwe lenye ncha, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi, ikatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Nimeng'atwa hivyo mara tatu.

Ya breki alinifundisha kwa sentensi moja: "Breki ni ya kabla ya kona." Mimi nilikuwa nikizibana nikiwa ndani ya kona, gurudumu linakwama, linateleza, naanguka ubavu. Pia nilikuwa naiogopa breki ya mbele, maana kila mtu ana hadithi ya jirani aliyerushwa kichwa mbele kwa ajili yake. Kumbe ukibana breki uzito wote hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalobaki na nguvu ya kung'ang'ania ardhi. Breki ya nyuma peke yake ni kuburuza tairi tu. Ya mbele hutakiwa kubanwa kwa kidole kimoja, kidogo kidogo, mwili umerudishwa nyuma na visigino vimeshushwa. Ukiikamata ghafla kwa ngumi nzima, ndiyo hiyo hadithi ya jirani.

Na kuna lile la macho. Kila anayeandika habari za baiskeli ya mlima hulisema, nami nilikuwa nimeapa nisiliseme. Baiskeli huenda unakotazama. Kulikuwa na jiwe moja, kijivu, kubwa kama ndoo, limekaa katikati ya kijia chenye upana wa kutosha pande zote mbili. Nililigonga mara tano. Kila mara nililiona kutoka mbali, nikalikazia macho nisiligonge, nikaligonga. "Mbona unalitazama?" dada yule aliniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa. "Lenyewe haliendi popote. Tazama pale pa kupita." Mara ya sita nikatazama mzizi uliokuwa hatua nane mbele ya jiwe, na jiwe silikumbuki lilivyopita.

Watu husema huenda mlimani na baiskeli ili kutafakari. Mimi nasema hawasemi yote. Mteremkoni hakuna kutafakari. Mteremkoni kuna mzizi, kokoto, kona, tawi, kokoto, na kama una bahati kuna pumzi. Ubongo umejaa pomoni. Hata jina lako ukiulizwa utaomba usubiriwe. Ni raha kubwa sana, sikatai, na huenda raha yenyewe ni hiyo ya kupumzika kutokana na nafsi yako kwa dakika sita. Lakini usiniambie unawaza.

Kuwaza kunakuja unapokokota.

Unashuka. Moyo unagonga masikioni. Unashika usukani kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye kiti, unainamia mlima, na baiskeli inatoa ule mlio wake wa tiki-tiki-tiki kutoka habu ya nyuma. Baada ya dakika kama tano mapigo yanatulia, na mlio ule unaanza kupanga mambo kichwani. Kitu cha kwanza ulichonipangia mimi ni hii habari ya cheni. Maana nilipoacha kuisingizia mlimani, nikaanza kuiona kila mahali. Naulizwa kwenye kikao cha kazi jambo nisilolijua, nasema mtandao unakatika, naomba nirudie baadaye. Cheni. Mama ananiuliza mbona sikupiga simu wiki nzima, namwambia simu iliisha chaji. Wiki nzima! Cheni. Rafiki ananiomba nimsaidie kuhamisha vitu, mgongo unaanza kuniuma asubuhi ile ile. Cheni, na mgongo nao umechomoka.

Sisemi nimekuwa mtu wa kweli tupu. Bado nasingizia, na pengine kwa ustadi zaidi kuliko zamani. Tofauti ni kwamba sasa nikisingizia naisikia tiki-tiki-tiki. Jioni moja nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, simu ilikuwa na chaji. Nilichoka tu, sikutaka kuongea na mtu." Kimya kidogo upande wa pili. Halafu akasema, "Hata mimi huwa nachoka na watu, mwanangu." Tukaongea saa nzima.

Kuhusu aibu ya kukokota, hesabu ndiyo iliyoimaliza kabisa. Sahani ndogo ya mbele kwenye baiskeli yangu ina meno 22, na sahani kubwa ya nyuma ina 34. Maana yake nikizungusha pedeli mzunguko mzima, gurudumu la nyuma halifikishi hata mzunguko mmoja, linaishia kama theluthi mbili. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi nene lina mzingo wa karibu mita 2.07. Zidisha upate: mita 1.34 hivi kwa kila mzunguko wa pedeli. Sasa simama, tembea hatua mbili za kawaida, upime. Ni hizo hizo. Nikizungusha mara 60 kwa dakika, jasho linanitoka kama maji, naenda kilomita 4.8 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Miezi yote ile nilikuwa nikiwaonea wivu watu waliokuwa wakitembea wamekaa.

Nisieleweke vibaya: kupanda bila kushuka ni jambo tamu, na nimejifunza kulipenda. Kuna ufundi wake. Unasogea hadi ncha ya kiti, unashusha kifua karibu na usukani, unazungusha kwa utulivu bila kukanyaga kwa mikupuo. Ukiegemea mbele mno, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuchimba udongo bure. Ukirudi nyuma mno, la mbele linanyanyuka na kuanza kutangatanga kama mbuzi asiye na kamba. Kati ya hapo pana nafasi ya upana wa kiganja, na siku unapoipata unapanda kipande kilichokushinda mwaka mzima, unafika juu, unageuka nyuma, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona.

Ninapokokota huwa nawakumbuka pia wanajeshi 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu wa Marekani. Mwaka 1897, chini ya luteni James Moss, walitoka Fort Missoula jimbo la Montana kwa baiskeli kwenda St. Louis, safari ya takriban kilomita 3,000, kuonyesha kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi jeshini. Walibeba mahema, vyakula na bunduki. Hii ni karibu miaka 80 kabla ya Repack, baiskeli hazina gia wala shokapu. Matope yalipogandamana na magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka walishuka wakasukuma, na palipokuwa hapapitiki walifuata reli, wakidundadunda juu ya mataruma. Walifika baada ya siku 41. Jeshi halikuzichukua zile baiskeli badala ya farasi. Nikiuona mwinuko wangu wa dakika 20 unaanza kuninunia, nawaza mataruma yale, mojamoja, na bunduki mgongoni.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye mwinuko ule ule wa miti, nakokota, nimetulia kabisa. Mbele yangu kijana amechuchumaa kando ya njia. Baiskeli mpya, ya gharama, magurudumu ya inchi 29. Vidole viwili kwenye cheni, uso umekunjwa. Nikaona sura yangu pale kama kwenye kioo, na moyo ukanijaa huruma, pamoja na majivuno kidogo.

"Vipi, cheni?"

"Cheni, mzee."

Hilo neno mzee nililimeza. "Na mteremkoni je?" nikamuuliza, kwa sauti ya hekima, na tabasamu nililodhani linafanana na la yule dada.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa saa ngapi mwezini. Nikampita. Nilikuwa nimekwenda kama hatua 20, bado natabasamu, niliposikia mchakacho wa chuma kwenye mawe. Nikageuka. Kijana amesimama, ameinyanyua cheni juu kwa mkono mmoja, imening'inia urefu wote kama nyoka aliyeuawa. Ilikuwa imekatika.

Nikalaza baiskeli yangu na kurudi chini huku masikio yamepata moto. Kwenye mkoba wa chini ya kiti huwa nabeba kifaa cha kusukumia pini ya cheni, na kiungo kimoja cha akiba. Tulipambana robo saa nzima. Kifaa kilifanya kazi, kiungo kikakataa: changu ni cha cheni ya gia tisa, yake ni ya gia 12, nyembamba zaidi. Nikamwomba radhi, kwa kiungo na kwa lile swali. La swali hakulielewa, nami sikulifafanua.

"Turudi tu chini?" akauliza.

Nikamwambia habari ya Aaron Gwin, Mmarekani aliyekatikiwa na cheni mwanzoni kabisa mwa mbio za kuteremka za Kombe la Dunia kule Leogang, Austria, mwaka 2015, akateremka vivyo hivyo, bila kupiga pedeli hata moja, na akashinda. Mteremko hauhitaji cheni. Kinachotakiwa ni kufika juu.

Tukakokota wote wawili, tiki-tiki kutoka habu yangu na kimya kutoka yake isiyo na cheni. Kileleni akafunga vizuri kamba ya helmeti, akashusha kiti, akanitazama mara moja, akajiachia. Hakuna mlio wa cheni, hakuna gia, ni tairi na udongo tu. Nilimfuata kwa nguvu zangu zote, pedeli zikizunguka, na sikumwona tena mpaka chini, ambapo nilimkuta amekaa kwenye nyasi, ameshavua helmeti, anaikunja ile cheni mfukoni.